Mguu wa Mtoto Pembeni mwa Picha

Lusajo alikuja kwangu Jumamosi moja, wiki tano baada ya kumzika mama yake, akiwa na kamera tatu ndogo za kidijitali kwenye begi la mgongoni, kila moja ameivalisha soksi ya sufu ili zisigongane. Ana miaka zaidi ya arobaini. Anapiga picha za harusi na misiba hapa Tukuyu na vijiji vya jirani, na kamera yake ya kazi ni lile dude jeusi lenye lenzi ndefu ambalo ukimwelekezea mtu anakakamaa kama amekamatwa. Sasa alitaka ndogo. Alitaka moja inayofanana na zile za zamani, yenye kidirisha konani na lenzi fupi isiyotisha, ambayo unaweza kuingia nayo kwenye chumba chenye marehemu na watu wasigeuke kukutazama. Mfanyabiashara mmoja wa Mbeya anayeuza vitu vilivyotumika alikuwa amemwamini, akampa zote tatu azijaribu mpaka Jumatatu. "Mama, nimeambiwa wewe ulizitumia zile zenyewe," aliniambia. "Nichagulie." Nikaenda kuchemsha chai. Nilikaa jikoni kuliko birika lilivyohitaji, nikasingizia baridi, maana Tukuyu baridi ipo siku zote kwa ajili ya kusingiziwa.

Mara ya mwisho nilikuwa nimemwona kaburini, Masukulu, amesimama nyuma ya wajomba zake kama mgeni kwenye msiba wa mama yake mzazi. Baada ya kutupa udongo alinijia, akaniuliza kama mimi ndiye Tumpe wa studio. Nikasema ndiye. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Nitakuja," akaondoka. Kwa hiyo nilikuwa namsubiri. Watu husema majuto ni mjukuu. Mjukuu wangu mimi alichelewa miaka arobaini, kisha akaja na pikipiki. Subilaga, mama yake, alikuwa rafiki yangu, na katika mwaka mmoja tu niliofanya kazi ya picha nilimvunjia ndoa yake na kumtenganisha na mtoto wake huyu. Lusajo hakulijua hilo. Nilidhani anajua tu kwamba alilelewa na bibi yake upande wa baba, kule Isongole, na kwamba mama yake alirudishwa kwao. Nilichokuwa nacho mimi ni kopo la biskuti lenye negativu moja na picha moja, pamoja na sentensi niliyoisema mbele ya wazee wa nyumba ile, na nilijua kabla birika halijaisha ningepaswa kuvitoa vyote. Basi nikaanza na kamera. Kamera ni mazungumzo mazuri kwa mtu mwenye hofu.

Ya kwanza ilikuwa nyembamba, inaingia mfukoni mwa shati, na haina kidirisha hata cha kusingizia. Unainyoosha mbele ya uso na kutazama kioo cha nyuma kama unayesoma meseji. Nikamwambia hiyo inamfaa mtu mwenye haraka, ila haina undugu na zile za zamani, maana zile ulizibana kwenye paji la uso na mwili wote ukatulia. Ya pili ilikuwa imevaa sura ya ujana wangu: ngozi nyeusi, bati la rangi ya fedha, gurudumu la kasi juu yake lenye namba, pete ya lenzi inayolia ta-ta-ta ukiizungusha. Hata kidirisha kilikuwa kona ya kushoto, mahali pake, pua yako haichafui mgongo wa kamera na jicho la pili linabaki huru kuwaona watu. Nikachungulia ndani nikakuta televisheni. Kitelevisheni kidogo kabisa, kinaonyesha picha itakavyokuwa hata kabla hujabonyeza, giza na mwanga na pembe zake zote. "Hii haiwezi kukudanganya," nikamwambia. "Unachokiona ndicho utakachokipata. Chukua hii." Nilisema haraka mno, kama mtu anayefunga duka mvua ikija. Lusajo akaweka kikombe chini. "Hujaijaribu ya tatu, Mama."

Ya tatu kidirisha chake kilikuwa cha kioo, kioo chenyewe. Niliiweka jichoni nikauona uwanja wangu, migomba, mbuzi wa jirani na ukungu unaoteremka, vyote vikiwa hai, na juu yake imechorwa mistari minne myeupe kuonyesha mpaka wa picha. Nje ya mistari dunia ilikuwa inaendelea na shughuli zake. Mbuzi aliingia ndani ya mistari, akatafuna, akatoka. Nikabonyeza. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama kifuniko cha kibati cha ugoro kinapofungwa. Niliishusha haraka mezani na kuisukuma upande wake. Haikuwa mbaya, katika zote tatu ndiyo pekee iliyokuwa kamera ile ile, na sikuwa nimechungulia kwenye mistari hiyo tangu nina miaka ishirini na miwili.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza shule, nasubiri nafasi ya ualimu ambayo haikuwa na haraka na mimi. Fundi Yona alikuwa na studio hapa mjini, chumba kimoja nyuma ya maduka kilichogawanywa kwa pazia la blanketi. Mbele kulikuwa na benchi la wateja na ukuta alioupaka mwenyewe ndege, ngazi na maua ambayo hayajawahi kuota popote Rungwe. Nyuma kulikuwa na giza, balbu nyekundu, trei tatu za dawa na harufu kama ya siki iliyokuwa ikinifuata mpaka kanisani. Hakuwa akitaka msichana, alinieleza hivyo siku ya kwanza bila kupepesa, lakini miguu yake ilikuwa imevimba na kazi za vijijini zilihitaji miguu. Nikawa miguu. Nilitembea Kawetele, Masukulu, mpaka Isongole kwenye viazi, kamera imening'inia kifuani ndani ya sweta. Sabuni ilikuwa adimu mwaka ule, na filamu ilikuwa adimu kuliko sabuni, kwa hiyo sheria ya Fundi Yona ilikuwa moja: kila familia bonyezo moja. Mtu akifumba macho, amefumba mpaka mwisho wa maisha yake. Mchana tulikaa kwenye benchi la wateja tukala mbalaga aliyopika mkewe, ndizi zimeiva na maharage mpaka zimekuwa kitu kimoja, na yeye akala huku akinifundisha kwa kijiko.

Katikati ya kidirisha cha kamera ile uliona kila kitu mara mbili. Mzee alikuwa na kivuli chake hafifu kimesimama kando, kama amekuja na pacha wake aliyefifia. Ulizungusha pete ya lenzi polepole mpaka kivuli kikarudi kumkalia mwenyewe, wakawa mtu mmoja. "Hapo," Fundi Yona alikuwa akisema, "usipumue." Lakini somo alilolirudia zaidi lilikuwa la mistari. "Kidirisha si lenzi, Tumpe. Jicho lako liko huku, jicho la kamera liko kule. Hii mistari ilichorwa kwa mtu aliye karibu. Akiwa mbali, filamu inakula zaidi ya mistari. Inakula pembeni. Kwa hiyo usimsimamishe karibu na mstari mtu usiyemtaka kwenye picha." Kisha aligonga meza ya kukatia, ile yenye kisu kirefu cha kupunguzia karatasi. "Na ukikuta ameshaliwa, kisu kipo." Nilimsikia kila mara na kila mara nilisema ndiyo Fundi. Nilikuwa kwenye umri ule ambao mtu anadhani kusikia na kuelewa ni kazi moja.

Subilaga tulisoma naye Kawetele, dawati moja, na aliolewa mapema na kijana wa Isongole aitwaye Gwamaka, aliyefanya kazi kiwanda cha chai na kurudi kwake Jumamosi. Siku za soko alishuka na viazi, na akishauza alikuja kuketi kwenye benchi letu, akamnyonyesha Lusajo, akala mbalaga yetu na kuicheka ndege ya ukutani. Mengi niliyoyajua kuhusu ndoa niliyasikia pale. Wasiotoka kwetu niwaambie hapa kwamba Mnyakyusa wa zamani mke wa mwanawe hamwoni. Tunaita ukutila, kuogopa kwa heshima. Mkwe akisikia sauti ya baba mkwe njiani anaingia migombani. Akipita uani anajifunika kanga usoni. Jina lake halitaji, sahani yake hampelekei. Nyumba nyingi za Kikristo zilikuwa zimelegeza, lakini baba yake Gwamaka alikuwa mzee wa kanisa wa aina ile inayoshika vitabu vyote viwili. "Miaka miwili naishi kwake," Subilaga aliniambia siku moja. "Najua kikohozi chake. Najua viatu vyake. Najua hapendi chumvi kwenye maharage. Sura yake siijui." Nikamwambia labda hana. Alicheka mpaka mtoto akaachia titi. Kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga na kusema, bila kucheka tena, "Gwamaka ananiambia nimfikirie yeye akiwa mzee. Nimejaribu, mwenzangu. Siwezi."

Ni yeye aliyeniletea kazi ya Isongole. Mzee alikuwa ameezeka bati jipya akataka picha mbele ya nyumba, yeye, mkewe, ndugu yake mdogo, wana wake wote na mjukuu wa kwanza mapajani. Nilifika asubuhi ukungu ukiwa bado kwenye viazi. Walinilisha kwanza, jikoni na wanawake, viazi vya kuchemsha na maziwa mgando kwenye kibuyu, na wanawake walizungumza jinsi nyumba inavyolia usiku mvua ikipiga bati, kwamba hakuna tena kusikilizana siri. Mama mkwe alinipenda. Aliniongezea maziwa mara mbili. Nje wanaume walishapanga viti. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka Lusajo, mwaka mmoja na miezi, alipowekwa mapajani kwa babu yake akalia kama anachinjwa. Walijaribu mara tatu. Mwishowe Mzee mwenyewe akasema, bila kugeuka, mtoto apelekwe kwa mama yake na mimi nipige hivyo hivyo. Subilaga alikuwa kwenye kona ya jiko, upande wa kulia, kanga imefunika kichwa na uso, akampokea mtoto akamweka kiunoni. Alisimama pale pale kwa sababu kila akirudi nyuma mtoto alianza upya.

Nilikuwa mbali, hatua kumi na mbili au kumi na tatu, kwa sababu Mzee alitaka bati lote lionekane. Nikachungulia. Ndani ya mistari walikuwa wao, wameketi wima kama matofali. Nje ya mstari wa kulia, upana wa vidole viwili, alikuwa Subilaga, nikamwambia asihofu, yuko nje ya picha. Nilimwona. Hicho ndicho kidirisha cha kioo kinachokupa, unamwona hata asiyehusika. Nikaunganisha Mzee na kivuli chake, nikasema "Msitikisike," na watu wote pale uani, wanaume kwa wanawake, wakakaza macho kwenye kamera. Mzee pia. Katika miaka miwili ilikuwa mara ya kwanza kwa uso wake kutulia mahali pamoja, mchana, bila mtu yeyote kuangalia nani anamwangalia. Subilaga aliishusha kanga. Akamtazama. Nilimwona akimtazama, na nikabonyeza.

Kwenye trei, chini ya balbu nyekundu, alitokea wa kwanza. Sijui kwa nini, labda kanga yake ilikuwa nyeusi kuliko vyote. Filamu ilikuwa imekula pembeni kama Fundi alivyosema. Yule pale, ukingoni, mtoto kiunoni mguu umenyooka mpaka kwenye bega la ndugu mdogo wa Mzee, shingo ya mama imeinama kidogo, na uso wake una kitu ambacho sijakiona kwenye picha nyingine yoyote niliyopiga wala kupigwa. Haukuwa utovu wa adabu. Ulikuwa uso wa mtu anayesoma barua aliyoisubiri. Wengine wote kwenye picha ile walikuwa watu waliokaa wapigwe picha. Yeye alikuwa anaishi. Fundi Yona aliinyanyua kwa koleo, ikidondosha maji, akaisogeza karibu na balbu. "Mimi sijawahi kupiga kama hii," alisema. Halafu akaniambia, "Kata huyo wa pembeni kabla hujapeleka." Kisu kilikuwa pale mezani. Nilichapa nakala mbili, nikakaa na zote mbili, na sikukata hata moja. Nilijiambia hawataona, ni mtu mdogo ukingoni. Ukweli ni kwamba nilitaka waone. Nilitaka watu wa Isongole waseme yule binti anajua kazi. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limeambiwa mara mia.

Niliipeleka Jumapili baada ya ibada. Ilipita mkono kwa mkono, watu wakijicheka, mpaka ilipofika kwa ndugu mdogo wa Mzee. Yeye hakucheka. Alimpa Mzee, Mzee akaitazama, akailaza kifudifudi kwenye goti lake. Mama mkwe akaniuliza kama nina njaa. Wiki mbili baadaye kikohozi cha Mzee kikawa kibaya hata asiweze kutoka kitandani. Kanisani walimwombea, na nyumbani wakahesabu siku tangu picha ifike, maana waliamini ukutila ukivunjwa ugonjwa huingia nyumbani. Wakaniita. Sebule ilikuwa bado inanukia mbao mpya, wazee wanne wameketi kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, picha mezani katikati yao. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kidogo na chini yake, upande wa jikoni, niliona miguu ya Subilaga ameketi kwenye ngazi, akisikiliza.

Ndugu mdogo wa Mzee ndiye aliyesema. "Mwe binti, ndaga kwa kuja. Sisi mambo ya mashine hatuyajui fijo, hatuyajui sana. Mkwe wetu anasema hakumtazama Mzee, anasema alikuwa anamtazama mtoto. Na anasema wewe ulimwambia amesimama nje ya picha. Sasa tueleze tu. Kamera yako hii inaweza kusema uongo?" Walikuwa wananipa mlango. Wazee wale hawakuwa wakatili. Walitaka njia ya kutoka, na mtu wa kuwaonyesha njia nilikuwa mimi. Jibu la kweli lilikuwa ndiyo. Mistari inadanganya, jicho la kamera haliko penye jicho la mtu, aliyesimama nje ameonekana ndani, na macho ya mtu mdogo kiasi kile kwenye karatasi huwezi kuyaapia yanaelekea wapi. Kisha ningesema kosa ni langu, ningepaswa kumkata. Lakini mimi nilisikia tusi. Wiki ile ile mteja mmoja alikataa kupigwa na mwanamke, akisema nitamharibu sura, na bado lilikuwa linaniuma. Nikanyoosha mgongo. "Kamera haisemi uongo," nikawaambia. "Inachukua kilichopo." Mzee mmoja akashusha pumzi. Ndugu mdogo akasema, "Basi." Kule chini ya mlango miguu ikasimama, ikaondoka. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nilikuwa nimeimba methali hiyo darasani na Subilaga, dawati moja.

Gwamaka aliporudi Jumamosi alikuta mkewe ameshapelekwa kwao Masukulu. Mtoto alikuwa anatembea na kula ugali, na mtoto ni wa ukoo wa baba, akabaki. Mzee alipona. Aliishi miaka mingine mingi, akakohoa yote. Mimi nafasi ya ualimu ilitoka mwisho wa mwaka, nikaondoka studio na negativu ile bila kumwomba Fundi Yona, na nikafundisha watoto wa watu miaka thelathini na mitano. Subilaga hakuolewa tena. Nilikutana naye mara moja tu, sokoni, wote tukiwa tumeanza kuota mvi. Alikuwa anauza parachichi. Alinisalimu vizuri, akaniuliza hali ya nyumbani, akanifungia sita na kuniongezea la saba. Nilikwenda nalo nyumbani likaoza, nilishindwa kulila.

"Mama," Lusajo alisema. Chai ilikuwa imepoa. Alifungua mfuko wa mbele wa begi akatoa picha iliyozeeka, pembe zake zimeliwa na mende, akaiweka mezani kati ya kamera. Ilikuwa ile. Upande wa kulia ulikuwa umekatwa kwa mkasi, si kwa kisu cha studio, umekwenda ukipinda, na aliyekata aliogopa kuligusa bega la ndugu mdogo wa Mzee, kwa hiyo pale kwenye bega kulikuwa kumebaki mguu. Mguu wa mtoto, mweupe kwa vumbi, haujashikwa na mtu. "Ilikuwa ukutani kwa babu," Lusajo alisema. "Nililala chini yake mpaka nikaenda sekondari. Kila nikiuliza mguu huu wa nani, bibi anasema wa mtoto wa jirani."

Nilikwenda chumbani nikaleta kopo la biskuti. Picha nzima niliiweka kando ya iliyokatwa. Aliinama juu yake. Akaweka kidole kwenye mguu wa picha ya kwanza, kisha kwenye mguu wa picha ya pili, kisha akaupandisha polepole mpaka kwenye paja, kwenye mtoto, kwenye mkono uliomshika. Hakuwa na picha nyingine yoyote ya mama yake akiwa kijana. Hakuwa na hata moja wakiwa pamoja yeye akiwa mdogo. Kidole kikaishia usoni kwa mama yake. "Anamtazama babu," alisema.

"Ndiyo."

"Aliniambia. Nilipomfuata Masukulu nilikuwa na miaka kumi na tisa, sijatuma habari, nimesimama tu mlangoni. Akaniita jina langu kabla sijasema kitu. Nikamuuliza amenijuaje. Akasema, nilimtazama babu yako mara moja tu, na leo umekuja na uso wake." Lusajo aliinua kichwa, na ni kweli, ndiye Mzee wa Isongole yule, paji lile, taya lile, ameketi kwenye kiti changu. "Hakunieleza zaidi. Sasa nakuuliza wewe. Wajomba walisema wazee walikuita uwaeleze picha. Ulisema nini?"

Nilimweleza. Nilimweleza kisu, nilimweleza Fundi Yona alivyosema nikate, nilimweleza miguu chini ya mlango na sentensi yenyewe neno kwa neno, na nilimweleza kwamba nilikuwa najua, wakati naisema, kuwa si kweli. Nililia, lakini nilimaliza. Nimefundisha miaka mingi, najua mtoto anayelia ili asimalize.

"Ungesema ndiyo tu, neno moja," Lusajo alisema.

"Neno moja."

Sikumwomba msamaha siku ile kwa sababu aliyepaswa kuombwa nilimngojesha mpaka akafa. Lusajo alisimama. Alizivalisha soksi kamera mbili, ile nyembamba na ile ya televisheni, akazirudisha kwenye begi, na ya kioo akaivaa shingoni. Nikamwambia, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, kwamba mistari ya ile inadanganya. "Najua," alisema. "Lakini ile nyingine aliye nje ya mistari haimwonyeshi kabisa." Picha nzima akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisa, na negativu pamoja nayo. Nilidhani amesahau ile iliyokatwa, nikaichukua nikamfuata nayo mlangoni. Alishaivaa helmeti. Aliitazama mkononi mwangu, akaurudisha mkono wangu kifuani kwangu, taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyelelewa vizuri na watu wa Isongole.

"Hapana, Mama," alisema. "Hiyo ni ya kwako."

Akawasha pikipiki akaondoka. Nimeibandika ukutani juu ya kitanda changu.